Mtu na Alama: Tafakuri ya Msomaji juu ya Riwaya Mbili

Je, ni haki kumfanya binadamu aliye hai kuwa alama ya jambo lisilokuwa yeye? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la uhakiki. Limenikabili baada ya kusoma, moja baada ya nyingine, The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor (2019) na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise (1994). Riwaya ya kwanza ina kitovu chake katika kisiwa cha Pate. Ya pili yahusu pwani na bara ya Tanganyika katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza. Zinakutana katika jambo moja: kijana huondolewa kwao ili alipie hesabu za wengine.

Kisa cha Owuor kina kianzio katika tukio la kweli. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, msichana mmoja wa visiwa vya Lamu alipewa nafasi ya masomo nchini humo. Ilisadikiwa kuwa yeye ni mzao wa mabaharia wa Kichina ambao, kwa mujibu wa mapokeo ya Pate, chombo chao kilivunjika karibu na kisiwa hicho. Kutokana na tukio hilo Owuor anambuni Ayaana, binti wa Munira. Afikapo Xiamen, Ayaana hupokewa kwa heshima kubwa, lakini heshima hiyo ni ya damu inayodhaniwa kuwamo mwilini mwake. Kauli yake mwenyewe haina uzito huo.

Yusuf wa Gurnah naye ni rehani. Baba yake amemtoa kwa tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoeshwa kumwita kama jamaa wa damu, kwa deni asilolijua. Mmoja amewekwa dhamana ya fedha, mwingine dhamana ya historia. Tofauti ni kwamba rehani hujulikana kuwa ni rehani, ilhali mgeni mtukufu ni vigumu kulalamika: atamlalamikia nani, naye amekirimiwa?

Waandishi hawa wanalijibu suala hilo kwa namna mbili. Owuor anatangulia kutupa ufunguo. Kabla Ayaana hajachaguliwa na yeyote, yeye mwenyewe, akiwa mtoto asiye na baba, alimchagua baharia mzee Muhidin awe baba yake. Kwa hiyo tunajua mapema kuwa udugu waweza kujengwa kwa hiari, na madai ya damu yanapokuja baadaye hayawezi kummaliza. Gurnah hatupi faraja hiyo. Yusuf anaikimbia bustani ya bwana wake, lakini anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Mlango aliouona wazi unampeleka kwa bwana mwingine.

Hapa pana pingamizi lisilopuuzika. Je, mtunzi wa riwaya naye hamtumii msichana yule yule kama alama? Naona kwamba kuna tofauti, ingawa haifuti deni. Alama humfunga mtu katika maana moja. Mhusika aliyeumbwa vyema huzidi kila maana anayopewa, hata ile ya mtunzi wake. Ayaana anafaulu kwa sababu ana ukaidi, tamaa na makosa ambayo hakuna sherehe ya kitaifa ingeyahitaji.

Hata hivyo, kipimo kikali zaidi kimo katika fasihi ya Pate yenyewe. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyafanya magofu ya Pate kuwa funzo kwa walimwengu. Matajiri waliokufa hawakuombwa idhini. Lakini mtunzi huyo anauhutubia na kuukemea moyo wake mwenyewe. Hukumu inayowaangukia wafu inamwangukia na yeye. Nadhani hapo ndipo uhalali ulipo: anayemfanya mwenziwe kuwa funzo hana budi kujiweka katika mizani hiyo hiyo. Kwa kipimo hiki, riwaya ya Owuor inazishtaki dola kwa ujasiri, ila haimshtaki sana msimulizi. Ya Gurnah, kwa kutunyima faraja, inamwacha msomaji akiwa na sehemu ya aibu ya Yusuf.

Mizani hiyo yatuhusu pia sisi wa idara za fasihi. Kwetu Pate aghalabu ni miswada, tenzi na kuta zilizoporomoka, ilhali Siyu, Faza na Kizingitini ni miji ya watu wanaovua, wanaosoma na wanaobishana hadi leo. Tukikitaja kisiwa hicho kama kumbukumbu tu, tunafanya kwa tanbihi zetu lile tunalolilaumu kwa wenye dola. Tafsiri ya Peponi imekirudisha kisa cha Yusuf katika lugha ya watu wa pwani. Kisa cha Ayaana, kilichoandikwa kwa Kiingereza, nacho chastahili kufika Pate kwa Kiswahili, ili wanaosimuliwa wapate nafasi ya kukikataa.