Mtoto Asiyefanana na Babake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone la maji yaliyochanganyika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, akizaliwa mtoto mwenye rangi au sura isiyokuwa ya babake, ndimi za mtaani huanza kunong'ona, na mume humtazama mkewe kwa shaka. Dhana hii haina msingi katika elimu wala katika dini.

Izingatieni chai tunywayo kila asubuhi. Mkulima wa Chepseon, huko Kericho, akitaka michai iliyo sawasawa hapandi mbegu. Hukata kijiti chenye jani moja na kukiotesha kitaluni. Ndivyo ilivyoenea aina iitwayo 6/8, iliyoteuliwa na watafiti wa Kericho: kila mche ni mfano wa mama yake. Lakini katika mashamba ya zamani yaliyopandwa kwa mbegu, michai miwili jirani hutofautiana. Huu una jani pana, ule jembamba. Sababu ni kuwa mbegu ina wazazi wawili.

Chembe ya mchai ina nyuzi 30 za urithi. Inapofanyika mbegu ya uzazi, ya kiume au ya kike, nyuzi hizo hubadilishana vipande, kisha hugawanywa, zikabaki 15. Nusu mbili zikikutana, huota mti usiopata kuwako. Nasi ni vivyo hivyo: tuna nyuzi 46, na kila mzazi hutoa 23, ambazo zaweza kupangika kwa njia zaidi ya 8,000,000. Kwa hiyo sifa ya babu iliyojificha kwa mwana yaweza kudhihiri kwa mjukuu.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kisa cha bedui wa Bani Fazara aliyemshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) alimuuliza ngamia wa kijivu ametoka wapi katika ngamia zake wekundu. Bedui akajibu kuwa huenda amevutwa na asili yake ya kale. Mtume akamwambia kuwa huenda mwanawe naye ni hivyo hivyo.

Basi mcheni Mungu. Anayemsingizia zinaa mwanamke mwenye kujihifadhi bila mashahidi wanne, Kurani imemwekea viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi. Sura ya mtoto si shahidi hata mmoja.

Wallahu a'alam.