Anasa ya Safari na Haki ya Mwenyeji

Miongoni mwa masuala yapitayo mbele ya macho ya watu wa pwani kila kukicha, nao wasiyakalie kitako wakayapima kwa mizani ya dini na ya akili, limo hili la msafiri tajiri ambaye hukata shauri la safari yake miezi mingi kabla ya kuondoka kwao, akataka katika siku chache alizo nazo aone wanyama wa mwituni, anywe mvinyo wa kuchaguliwa, alale ufuoni penye mchanga mweupe, na aonje, kama wasemavyo wenye kuuza safari hizo, utamaduni wa wenyeji. Na yote manne ameyalipia kwa pamoja, kwa hati moja, kabla unyayo wake haujaigusa nchi. Mtu huyu ana haki gani juu yetu, nasi tuna haki gani juu yake? Na aliyekwisha kununua kila kitu, je, aweza bado kuitwa mgeni?

Nalitazama suala hili kutoka Mombasa bara, kwa sababu huku ndiko anakopita pasipo kujua kuwa amepita. Akija kwa ndege hushukia uwanja wa Moi, ulioko Port Reitz, katika Changamwe. Akija kwa treni ya Madaraka, iliyoanza kwenda mwaka 2017, huwa amekwisha kuikata mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, na ndovu wake walio wekundu kwa vumbi la ardhi yao, ndipo akateremka Miritini. Kutoka hapo huchukuliwa katika gari lenye vioo vilivyofungwa, katikati ya malori ya makontena na matangi ya mafuta, hata akafika kwenye feri ya Likoni akavuka kwenda Diani, au akaizunguka bahari kwa barabara mpya ya Dongo Kundu asiione feri kabisa. Akiwa amechagua ufuo wa kaskazini, Bamburi au Shanzu, basi mpishi wake, dobi wake na bawabu wake aghalabu hulala Kisauni, nao huamka alfajiri ili yeye atakapoamka akute kila kitu kimekwisha kuwa tayari. Katika ratiba yake Changamwe haimo, wala Likoni, wala Kisauni.

Maulamaa hawakuliacha jambo la safari bila ya kulifungulia mlango wake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihyaa yake kitabu kizima juu ya adabu za safari, akazigawa safari kwa sababu zake: iko ya kutafuta elimu, iko ya ibada kama vile hija, iko ya kuikimbia fitina iharibuyo dini ya mtu, na iko ya kulikimbia dhara la mwili kama tauni. Na wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi katika pwani hii, walipoijadili ruhusa ya msafiri kufupisha sala waliweka sharti kwamba safari iwe na kusudi lililo sahihi. Kisha wakapambanua pambanuo jembamba, wakasema kwamba mwenye kwenda kujiburudisha ana kusudi linalokubalika, lakini mwenye kutembea kwa ajili ya kuziona nchi tu, kusudi lake halitoshi. Msomaji wa leo atashangaa, kwa kuwa yeye amezoea kuona kwamba kustarehe ni upuuzi na kuona nchi ni hekima. Sidai kuijua sababu yote waliyoikusudia, lakini nionavyo mimi, mwenye kutafuta burudani amekiri kuwa moyo wake una dhiki na kwamba ameondoka kwao kwa haja. Ama mwenye kutaka kutazama tu, huyo hakuwa na haja ya kitu wala ya mtu, na macho yake hayadaiwi chochote na yale yanayoyaona.

Neno hili la haja ndilo ufunguo wa suala lote. Tukiuliza ni kitu gani kimfanyacho mtu awe mgeni, tutaona kwamba dini na ada zimekubaliana katika jibu. Msafiri aliyekatikiwa njiani amehesabiwa katika makundi manane ya wanaostahili kupewa zaka, na mafakihi wakaeleza kuwa hupewa hata akiwa na mali nyingi huko kwao, kwa kuwa pale alipo mali ile haimfikii na njia imekwisha kumfanya fakiri. Mgeni, basi, ni mtu ambaye ugeni wake umemwondolea uwezo wake: hajui kisima kiko wapi, hajui njia ipi ina mwiba, hajui neno lipi huudhi, na mwenyeji ni yule anayekijaza kile kilichopungua. Ndiyo maana wazee wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone, kwani katika kuijaza haja ya mwingine mwenye nyumba naye hupata kuponywa uchoyo wake na upweke wake. Ama anasa, ufundi wake wote ni kuiondoa haja kabla haijatamkwa: maji ya baridi yamekwisha kuwekwa, dereva amekwisha kungoja, mlo umekwisha kuulizwa kwa barua. Pasipo haja hakuna ugeni, na pasipo mgeni hapana mwenyeji. Wamebaki mnunuzi na mtumishi.

Hapa yatupasa tujihadhari tusije tukaisingizia pwani usafi ambao haikuwa nao. Watu wetu hawakupata kuwa wakarimu wa bure wasioijua faida. Ibn Battuta, aliyepita mwambao huu mwaka 1331, ameeleza kuwa jahazi lilipotia nanga Mogadishu vijana waliliendea kwa mashua, kila mmoja na chakula, na kila mfanyabiashara akapata mwenyeji wake. Na huyo mwenyeji ndiye aliyemlaza, na ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia, hata ikawa biashara iliyofanywa pasipo mwenyeji kuwapo haikukubaliwa. Takrima na biashara, basi, zilikula sahani moja tangu kale. Lakini mwenyeji yule alikuwa na jina na mlango, alikuwa dhamana wa mgeni mbele ya mji na dhamana wa mji mbele ya mgeni, na lau mmojawapo angedhulumiwa angejulikana wa kuulizwa. Huyo huyo Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, na katika usiku huo aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima kwenye milango yake, na watu wakiosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia. Akaandika kuwa ni watu wa dini na wema. Fundisho lililomo ni kwamba uchache wa siku haumzuii mtu kuijua nchi, maadamu amekuja na haja zake na kupita katika milango ile ile wapitayo watu.

Wako watakaonijibu, na jibu lao lina nguvu, kwamba maneno haya ni ya mtu aliyeshiba. Watasema: israfu ya tajiri ndiyo mshahara wa maskini, kila shuka linalobadilishwa pasipo kuchafuka limemlipia mtoto wa Mtongwe karo yake ya shule, na siku mgeni wa anasa asipokuja, mwenyeji haponi, bali huugua. Hili ni kweli, na tumelishuhudia. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 watalii walitoweka, mahoteli yakafungwa, na waliofukuzwa kazini hawakuwa wale waliofanya fitina. Tena mnamo Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasikae Mombasa isipokuwa kwa dharura, na makampuni ya safari yakawarudisha watu wao kwa ndege. Lakini hebu tuutazame mpaka uliochorwa na onyo lile: ulianza mkono wa bahari wa Mtwapa ukashuka pwani hadi Tiwi, ukaacha nje uwanja wa ndege, ukaiacha nje na Diani. Mlango wa kuingilia ulikuwa salama, na kitanda cha Diani kilikuwa salama. Hatari ilikaa pale katikati, mahali wanapoishi watu. Siwalaumu wenye kuuchora, kwani kila serikali ina wajibu wa kuwalinda walio wake. Nasema tu kwamba ramani ile iliandika kwa wino kile ambacho ratiba ya anasa hukiandika kwa ukimya. Rizki ni haki, na mwenye kuileta anastahili shukrani. Illa rizki peke yake haijibu suala la heshima, kwa maana hata bwana humlisha mtumwa wake.

Na tuingie katika mvinyo, ambao kwetu Waislamu ni haramu wala hauna mjadala, na ambao kwa msafiri asiye Mwislamu ni shauri lake na dini yake. Nisemalo halihusu hukumu ya kinywaji. Lahusu insafu ya macho. Msafiri huyu huletewa chupa kutoka Ufaransa au Afrika Kusini, akaelezwa ni mlima gani ulioizaa zabibu yake na mwaka gani ilivunwa, naye akaisikiliza nasaba hiyo kwa taadhima. Nyuma ya ukuta wa hoteli, katika minazi ya Wadigo na Wagiriama, mgema hupanda asubuhi na jioni akagema tembo ambalo nalo lina nasaba: miongoni mwa Wamijikenda kadzama, yaani tembo linalopelekwa kwa wazee, ni shahidi wa posa na wa mapatano, na ahadi iliyofanywa mbele yake ina watu wa kuisimamia. Tembo hilo msafiri huonyeshwa kama kioja, akaonja funda moja huku akicheka na kupigwa picha. Mimi sinywi hili wala lile, lakini naona dhahiri kwamba cha mbali kimepewa historia na cha hapa kimenyimwa, ilhali cha hapa ndicho kilicho utamaduni aliosema amekuja kuutafuta.

Basi utamaduni wauzika? Yafaa tutenganishe. Kitu kilichofanywa kwa mkono ili kiuzwe, kuuzwa kwake hakukipunguzii hadhi. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, ambao ushirika wao ulianza mwaka 1963, na mafundi wenye ulemavu wa Bombolulu, ambao karakana zao zilifunguliwa mwaka 1969, huuza kazi ya mikono yao kwa uso mkunjufu, na mnunuzi hupata alichokilipia. Walakini ngoma ya arusi isiyokuwa na bibi arusi, inayochezwa usiku kando ya birika la kuogelea kwa saa iliyopangwa kati ya samaki na matunda, imekwisha kupoteza kile kilichoifanya iwe ngoma, nacho ni kwamba ilichezwa kwa kuwa jambo limetokea. Mila ni wajibu kati ya watu wajuanao. Aliyeilipia ili aitazame ameuondoa wajibu, na kilichobaki ni mwendo wa miguu.

Walakini uko mfano unaotuonyesha njia, nao hauko mbali na Likoni. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo kule Diani, huruhusu wageni waingie, nao hulipa; lakini alipaye hajanunua uwezo wa kufanya apendavyo. Hufungwa kaniki kiunoni, huongozwa na mtu wa pale, hukatazwa kuchukua hata jani, hukatazwa kukumbatiana na mwenzake mle ndani, na mahali pengine haambiwi aingie. Kaya za Wamijikenda zilipoandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia, zilikuwa zimelindwa karne kwa karne na makatazo ya namna hiyo hiyo. Pale tajiri hurudishiwa haja yake: hajui, basi yambidi aulize, hana idhini, basi yambidi aombe. Kwa saa moja amekuwa mgeni, na mzee amwongozaye amekuwa mwenyeji, ingawa fedha imepita kati yao kama ilivyopita Mogadishu miaka karibu mia saba iliyopita.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Safari ya anasa si dhambi kwa kuwa ni ya anasa, maadamu haikuvuka mpaka wa israfu, wala mwenye mali hakuamrishwa alale juu ya mawe ili apendeze. Lakini anayeipanga na awache ndani yake siku asiyoinunua, avuke Likoni kwa miguu, mahali ambapo kivuko hakimtozi mtu yeyote aendaye kwa miguu, tajiri wala maskini, na ambapo wote husimama wakingoja chombo kimoja. Apotee kidogo, aulize, ajibiwe, aambiwe hapana. Nasi wenyeji tuna wajibu ulio mzito zaidi, kwa kuwa nyumba ni yetu: tuwe na mambo tunayoyauza kwa bei ya haki, na mambo tunayoyatoa kwa heri, na mambo ambayo hayauzwi wala hayaonyeshwi, na tuyajue yote matatu kabla mgeni hajabisha hodi. Mji usiojua ni kipi kati ya vilivyo vyake hakina bei hauwezi kumlaumu mnunuzi kwa kuuliza bei ya kila kitu.