Mali ya Marehemu ni ya Nani?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko shuleni Kasongo. Siku moja nilimkuta ameinama mbele ya kompyuta ya rafiki yake, akicheza mmojawapo wa michezo iitwayo The Sims, iliyoanza kutoka Marekani mwaka 2000. Katika mchezo huo mtu huumba watu wadogo wa picha, huwajengea nyumba, huwatafutia kazi, huwaoza, kisha huwatazama wakizeeka na kufa. Wachezaji wamejiwekea hata shindano: mtu mmoja aanze katika kiwanja kitupu na fedha haba, na ukoo wake udumu vizazi kumi papo hapo. Katika kila kizazi mtoto mmoja ndiye mrithi. Wengine huhamishwa, wala hawahesabiwi tena.

"Mjomba, tumefika kizazi cha nne," akaniambia kwa furaha. "Tuna nyumba ya ghorofa."

"Na ndugu za huyo mrithi wako, wako wapi?"

Akafikiri kidogo. "Sijui. Walitoka."

Nilirudi Wamaza, na neno hilo likanifuata njia nzima. Maana mtoto yule ni mmoja wao waliotoka. Baba yake alipofariki, ndugu za marehemu walikutana baada ya matanga, wakagawana mabati, cherehani na shamba la michikichi. Dada yangu alirudi kwetu na watoto wanne na sufuria mbili.

Basi, mali ya marehemu ni ya nani? Mchezo, kwa kadiri mpwa wangu alivyonionyesha, hujibu upesi: ni ya walio ndani ya nyumba. Fedha hukaa katika sanduku moja la nyumba, na mzee akifa sanduku halitikisiki. Hakuna shemeji ajaye kuhesabu mabati.

Ndugu za marehemu hujibu kwa namna nyingine, nasi tusiwadharau kabla ya kuwasikiliza. Husema: "Sisi ndio tuliomlipia shule. Sisi tulichanga mahari ya mke wake. Alipougua, tulimbeba mpaka hospitali. Mali yake ilitoka mikononi mwetu, na itarudi mikononi mwetu." Maneno hayo yana kweli ndani yake. Yule mtu wa mchezo huzuka kiwanjani bila baba wala mama, wala hana deni kwa yeyote. Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Hata tajiri wetu mkubwa alibebwa mgongoni na mtu fulani.

Lakini mila iliyowapa wazee haki hiyo iliwatwika na mzigo wake. Aliyechukua shoka la ndugu yake alichukua na watoto wake, awalishe, awafundishe kazi, awaoze. Vitu na watu vilikwenda pamoja. Siku hizi wengi huchukua vitu, na watu huwaacha barabarani, kisha huliita jambo hilo mila. Mimi naliita wizi. Nami nalisema kwa aibu, kwa sababu mdogo wangu alipofariki, wazee walinipa baiskeli yake, ile aliyobebea mafuta ya mawese kwenda sokoni. Nilimlipia mtoto wake mkubwa karo ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili mpunga haukuzaa vizuri, nikanyamaza. Baiskeli ningali nayo.

Serikali nayo imetoa jibu lake katika Kode ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Robo tatu za mali ni za watoto, sawasawa, msichana kama mvulana, hata aliyezaliwa nje ya ndoa, mradi baba yake alimtambua angali hai. (Enyi akina baba, msingoje kitanda cha mauti!) Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyefiwa, ya wazazi na ya ndugu za marehemu, tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, wana hesabu yao: mjane, marehemu akiacha watoto, hupata thumuni, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Laiti dada yangu angaliijua robo yake na nyumba yake siku ile ya matanga! Hakuna aliyemwambia, hata mimi.

Hapo Kasongo ulikuwapo urithi mwingine, mkubwa kuliko mabati yetu yote. Tippu Tip mwenyewe alisimulia jinsi alivyomwambia mzee Kasongo Rushie, mtemi wa Utetela, kwamba yeye ni mjukuu wa ukoo wake kwa upande wa bibi. Mzee akasadiki, akampa utawala. Mwaka 1890 Tippu Tip alikwenda zake Zanzibar, akamwachia mwanawe Sefu mali ya Kasongo: pembe za ndovu, mashamba, na watu waliotekwa. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Leta wakiongozwa na Dhanis waliingia mji, na Sefu akauawa vitani mwaka ule ule. Baba alifariki Zanzibar mwaka 1905. Pembe zile hazikurudi kwa waliozibeba, maana Leta ya Leopold nayo ilikuwa na njaa ya pembe.

Ni nini kilichobaki? Mpunga, miembe, na lugha hii ninayoiandika. Hakuna aliyeandika wasia wa mpunga. Walioupanda kwa jasho, wengi wao wakiwa watumwa, ndio ambao wajukuu zao wanaula leo, na hakuna baraza lililokaa kuwagawia.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Alikuwa ameanza mchezo upya, na safari hii hakumhamisha mtoto hata mmoja.

"Lakini, mjomba, mchezo unakubali watu wanane tu katika nyumba moja. Huyu wa tisa nimfanyeje?"

Nilitazama baiskeli iliyoegemea ukuta, nikamwambia nitampigia kesho.