Mzigo Ukizama, Hasara ni ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Amma baad.



Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa Mangobo alinijia na simu yake mkononi. Alikuwa ameagiza vitu vitatu kwa kijana wetu mmoja anayeuza kwa WhatsApp: viatu vya mtoto, sufuria, na kitambaa cha sare ya shule. Kijana huweka picha, watu huagiza, na mwenzake aliyeko Kinshasa hununua sokoni na kupakia mzigo kwenye balenieri. Katika kila kitu aliandika bei, na chini yake akaandika: usafiri dola 5. Mama akalipa bei, akalipa na usafiri dola 15. Mzigo ulipofika, vitu vyake vyote vitatu vilitoka katika gunia moja, pamoja na vitu vya watu wengine wanane. Kisha, kabla ya kukabidhiwa, akaambiwa aongeze pesa ya kutolea kwenye kabine, kwa sababu alikuwa amelipa kwa simu.

Mama akaniambia: "Mwalimu, sikatai kulipa. Nataka kujua tu. Kama vitu vyangu vilipanda chombo mara moja, mbona nimelipa usafiri mara tatu? Na hii pesa ya kutolea, mbona sikuambiwa siku ile ya kuagiza?"

Nikamwita kijana. Naye ni mtu wa swala, nafasi yake ni safu ya pili. Akasema: "Mwalimu, mimi ndiye niliyewakusanya watu tisa. Kila mmoja angesafirisha peke yake angelipa zaidi. Kuunganisha mizigo ni jasho langu, na faida yake ni yangu."

Ndugu msomaji, wote wawili walisema maneno yenye akili. Ndiyo maana sikujibu siku ile. Nilirudi kwenye vitabu, na leo nakuletea nilichokipata, maana najua wengi wenu ni wauzaji au wanunuzi wa namna hii.

KUUNGANISHA MIZIGO SI DHAMBI

Mji wetu uko mwisho wa njia ya vyombo vinavyotoka Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto, na juu yetu maporomoko ya Wagenia yanafunga njia. Mwenye kifurushi kimoja hawezi kukodi chombo. Tangu zamani vitu hutufikia kwa watu kuunganisha mizigo, iwe kwa mto, kwa ndege, au kwa barabara ya Bafwasende na Nia-Nia. Hata wale wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na Guangzhou hufanya hivyo hivyo, wenyewe wanaita grupaji. Hii ni kusaidiana, na kusaidiana katika wema tumeamrishwa.

Swali letu si kama inafaa kuunganisha. Swali ni hili: mizigo ya watu ikiunganishwa na gharama ikapungua, lile punguzo ni mali ya nani?

KISA CHA URWA

Sahaba mmoja, Urwa al-Bariqi (r.a.), alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja ili amnunulie kondoo. Urwa alikwenda sokoni, akapatana vizuri, akapata kondoo wawili kwa dinari ile moja. Akamuuza mmoja kwa dinari. Akarudi kwa Mtume (s.a.w.) na kondoo mkononi na dinari mkononi. Mtume (s.a.w.) akamuombea baraka katika biashara yake. Kisa hiki kimo katika mkusanyo wa Imam Bukhari.

Tazama vizuri, ewe ndugu yangu. Urwa alikuwa na hoja ile ile ya kijana wetu. Angeweza kusema: "Nimetumwa kondoo mmoja, huyu hapa. Dinari hii ni ya ujanja wangu na miguu yangu." Hakuna ambaye angejua. Lakini alijua kwamba alikwenda sokoni kwa pesa ya mwingine na kwa niaba ya mwingine. Kwa hiyo faida iliyopatikana njiani aliirudisha. Wanazuoni wakaichukua hiyo kuwa msingi: wakala anachookoa katika mali ya aliyemtuma ni cha aliyemtuma, isipokuwa wamekubaliana vingine.

MFANYABIASHARA AU WAKALA?

Hapo kijana wetu ana jibu. Atasema: "Mimi si wakala, mimi ni mfanyabiashara." Na inawezekana ni kweli. Mtu anaweza kununua sufuria kwa pesa yake, akaileta kwa gharama yake, akaiuza hapa kwa bei yake. Huyo halazimiki kumwambia mnunuzi alilipa kiasi gani kwenye chombo. Akiokoa usafiri, ni riziki yake. Hakuna aliyedhulumiwa.

Basi tutamjuaje mfanyabiashara na wakala? Jina analojiita halitoshi. Sheria yetu imetupa mizani, nayo ni hii: anayebeba dhamana ya kitu ndiye mwenye haki ya manufaa yake. Uliza swali moja tu: balenieri ikizama, hasara ni ya nani?

Sote tunaujua mto wetu. Vyombo hujazwa kupita kiasi, hutembea usiku, na habari za kuzama tumezisikia mara nyingi, Allah awarehemu waliokufa. Nikamuuliza kijana: "Mwanangu, gunia lile lingezama, ungemrudishia mama huyu pesa yake?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kweli, na Allah amlipe kwa hilo: "Hapana, Mwalimu. Huwa nawaambia watu kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu."

Nikamwambia: "Basi umejijibu mwenyewe. Kama mzigo ukizama ni wa mama, basi ulipokuwa mtoni ulikuwa wa mama. Na kama mzigo ulikuwa wake, usafiri ulikuwa wake, na punguzo la usafiri ni lake. Huwezi kuwa wakala siku ya hasara, ukawa mwenye mali siku ya faida."

Ndugu zangu, hili ndilo neno ninalotaka ulichukue nyumbani. Kila mtu achague mlango mmoja. Ukitaka faida yote, beba na hatari yote, na uuze kwa bei moja iliyokamilika. Ukitaka hatari ibaki kwa mnunuzi, basi mwambie gharama kama ilivyo, na utaje ujira wako. Ujira ni halali. Kutafuta watu, kufunga gunia, kupambana na wapakiaji na watoza ushuru bandarini, yote hiyo ni kazi, na mfanyakazi ana haki ya malipo yake. Lakini ujira husemwa kwa jina lake. Ukiuficha ndani ya neno "usafiri", umeandika neno lisilo la kweli.

Na usiseme: "Sikudanganya, nilinyamaza tu." Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikapata umajimaji. Mwenye chakula alisema ni mvua. Akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatoa onyo kali kwa mwenye kughushi. Mtu yule hakutamka uongo hata mmoja. Alipanga tu kikavu juu na kibichi chini.

GHARAMA INAYOKUJA NYUMA

Sasa tuje kwenye pesa ya kutolea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na hapa Kongo tukaipata mwaka 2012. Wanazuoni wa zamani hawakuijua simu, lakini walijua kwamba kila malipo yana gharama yake. Katika fikihi ya Imam Shafi, gharama ya kupima bidhaa ni juu ya muuzaji, na gharama ya kupima sarafu za malipo ni juu ya mnunuzi. Maana yake kila mmoja anabeba gharama ya kufikisha kile anachotakiwa kukabidhi.

Kwa kipimo hicho, mimi naona hivi: makato ya kutuma ni ya mnunuzi, maana ni juu yake kuifikisha bei. Ikishaingia katika simu ya muuzaji, imefika. Kuitoa kwenye kabine ni shauri lake mwenyewe, maana angeweza kuiacha humo, kununulia uniti, au kumlipa mwingine.

Je, muuzaji hawezi kuweka sharti? Anaweza. Waislamu hufungwa na masharti yao, maadamu sharti halihalalishi haramu. Akisema mwanzoni kabisa: "Bei ni hii, na anayelipa kwa simu ataongeza kiasi hiki," mnunuzi akakubali, limekwisha. Lakini kusema baada ya bei kupatana, mzigo ukiwa tayari mikononi mwake na mama amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hiyo si sharti tena. Hiyo ni kumlazimisha. Sura An-Nisaa, aya ya 29, imetukataza kula mali za wenzetu kwa batili, ikabakisha biashara ya kuridhiana. Anayelipa kwa kuogopa kupoteza mzigo wake hajaridhia, hata kama ametoa pesa kwa mkono wake.

Tena sisi watu wa Kisangani tuna sababu ya pekee ya kuliogopa jambo hili. Uislamu na Kiswahili vilitufikia kwa njia ya biashara ya watu wa pwani. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, ndipo hapa petu leo. Lakini tusisahau kwamba katika misafara ya zama zile pembe zilibebwa pia na watu waliolazimishwa, waliouzwa kama pembe zenyewe. Dini ilifika, na dhuluma ilitembea nayo katika njia ile ile. Anayesema "biashara ni biashara" akumbuke hilo.

NA WEWE MNUNUZI

Usifurahi peke yako. Wako wanaoagiza, mzigo ukafika, wakazima simu. Wako wanaopatana usafiri, kisha wakifika kupokea wanasema "punguza" huku wakijua kijana ameshalipa. Wako wanaotaka mzigo wao wa kilo 10 ulipe sawa na wa jirani wa kilo 2. Gharama ya pamoja igawanywe kwa uzito, au kwa njia yoyote mliyokubaliana mbele. Na yote yaandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu kuandika deni. Simu yako ina maandishi, basi iwe shahidi wako.

MWISHO WA KISA

Tulipiga hesabu pale pale. Gunia lilikuwa kilo 40, likagharimu dola 20 mpaka kufika. Vitu vya mama vilikuwa kilo 10, kwa hiyo usafiri wake ulikuwa dola 5, naye alilipa 15. Pesa ya kutolea ikafutwa. Kijana akatoa dola 10. Mama akahesabu 7, akamrudishia 3: "Hizi ni za jasho lako, mwanangu. Ungeniomba siku ile ningekupa."

Nilidhani yamekwisha. Lakini kijana alibaki nyuma, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, na wale wanane? Hawakulalamika. Hawajui." Alikuwa amekusanya kwao dola 45. Pesa hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wa mzigo unaofuata.

Nilimjibu kwamba haki ya mtu haianguki kwa sababu hajui. Achukue ujira wa kawaida wa kazi ile, na kinachozidi kirudi kwa wenyewe. Asiyepatikana aendelee kumtafuta, na akikata tamaa kabisa amtolee sadaka kwa niaba yake. Akaondoka bila neno.

Ijumaa iliyopita alikuja. Amewarudishia sita. Wawili bado anawatafuta, mmoja amehamia Lubunga. Mzigo wa mwezi huu hakuweza kuagiza.

Ndugu zangu, mnaomfahamu, agizeni kwake.

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali kikitosha, utukinge na cha haramu kikizidi. Utulindie vyombo vyetu mtoni na ndimi zetu sokoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Tafadhali usiitupe karatasi hii chini, ina jina la Allah. Ukishasoma, mpe jirani.