Unyevu wa Ndani ya Gunia

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa huko Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Sumukuvu haionekani kwenye unga, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Basi anayeiuza ana hatia? Kwa miaka mingi mwenye kinu cha posho Dandora au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, angeweza kusema hakujua, na angekuwa anasema kweli. Naamini utetezi huo unakwisha nguvu, kwa sababu kipimo kimetoka maabara kikafika mkononi. Mahindi husagwa, yakachanganywa na spiriti na maji, kisha kitepe kikachovywa humo. Kingamwili zilizomo huinasa sumu, na baada ya dakika chache mstari wa rangi ukififia au ukikosa kutokea, ujue kiwango kimepita.

Dini zetu zilishalitazama swali hili. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Aliulizwa mbona hakuyaweka juu yaliyolowa watu wayaone, na Mtume akawakana wenye kughushi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamwachilia mwenye ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe. Lakini kama alikwisha kuonywa na hakumzuia, damu iko juu yake. Kote kuwili anayeulizwa ni mwenye mali. Tena mkono uliotiwa katika rundo ulikuwa wa kiongozi wa mji, wala hakungoja mnunuzi afike na kikapu chake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kila jiko la Eastlands liwe na kipimo chake. Mama anayenunua gorogoro moja kwa pesa za kibarua cha leo hawezi kununua kitepe kinachopita bei ya mahindi yenyewe. Tukimkabidhi kazi ya kupima, mwanawe akidhurika tutamlaumu yeye, na aliyemuuzia ataondoka msafi.

Wengine watasema: ukimwambia maskini chakula chake kina sumu na huna kingine cha kumpa, umemwongezea machungu tu. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo maana jibu la kipimo lipatikane lori linaposhusha mzigo, gunia likiwa bado linaweza kurudishwa, kabla halijafika kwenye sufuria. Lipo pia la kiufundi: sumu haienei sawasawa, punje chache zinaweza kuharibu gunia zima, na konzi moja iliyochotwa upande mzuri itadanganya. Kweli kabisa. Anayepima na achote juu, katikati na chini, katika magunia mengi, achanganye, asage, ndipo apime. Kuchota konzi moja ili upate jibu unalolitaka ni kuficha unyevu chini ya rundo kwa mara ya pili.

Kenya imeshaweka kikomo cha mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na Novemba 2019 Shirika la Viwango lilisimamisha chapa tano za unga wa pakiti. Mahindi yanayopimwa kwa gorogoro hayana chapa ya kusimamishwa. Kaunti ya Nairobi inatoza vinu ada ya kibali cha biashara: iweke gharama ya kupima ndani ya ada hiyo, na jibu libandikwe mlangoni kabla ya mashine kuwashwa.