Siku Mia na Ishirini

Katika mtaa wa Mayfair, Johannesburg, wakaako Waislamu wa asili ya Kihindi na wageni wengi wa Afrika Mashariki, hesabu mbili za mimba hukutana: ya sheria ya Afrika Kusini ya 1996, imwachiayo mwanamke hiari ya kuitoa hadi wiki ya 12, na ya hadithi ya sahaba Ibn Masud, ambayo kwayo kiumbe hupita tone, pande la damu na pande la nyama, hata zitimiapo siku 120 ndipo malaika humpulizia roho. Utabibu hauoni mlango wa ghafula namna hiyo: moyo huanza kudunda yapata siku ya 22 tangu mimba itungwe, ilhali mama, akiwa na mimba ya kwanza, hahisi mwana akicheza ila karibu wiki ya 20, ambayo (waganga huhesabu tangu hedhi ya mwisho) haiko mbali na siku zile 120.

Je, kabla ya roho hakuna haki? Mwanazuoni Ghazali alikana, akaona kutoa mimba ni jinaya izidiyo uzito kadiri umbo likamilikavyo, nami nakiri kauli yake yaniridhisha kuliko tarehe yoyote. Baadhi ya Wahanafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea mjini humo, waliruhusu kwa udhuru, mathalani maziwa ya mama kukatika hali ana mtoto anyonyaye na baba hana ujira wa kumlipa mnyonyeshaji.