Muuaji Akivuka Mpaka

Kutoka Sumbawanga kupita Matai hadi Kasesya si safari ndefu. Ng'ambo ni Zambia, na mji wa Mbala, ambao wazee wetu waliuita Abercorn. Walungu na Wamambwe wakaa pande zote mbili, maana mpaka uliwakuta wakiwa ndugu. Basi aliyeua huku hakosi shemeji wa kumpokea kule.

Je, yampasa jirani kumrudisha? Yampasa. Mashahidi wako Ufipa, na mjane hawezi kuifuata haki ugenini. Hilo ni jepesi. Gumu ni hili: Zambia ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2022, na kwetu sheria bado yamlazimisha Jaji amhukumu muuaji kunyongwa. Mapatano ya nchi za SADC, yaliyotiwa sahihi Luanda mwaka 2002, yaruhusu nchi iombwayo kukataa mpaka iahidiwe kwamba mtu huyo hatauawa.

Wako watakaosema kuwa kutoa ahadi hiyo ni kujidhalilisha mbele ya jirani. Sisi hatuoni hivyo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hajanyongwa mtu nchini. Serikali yaombwa tu kuandika lile ilitendalo.

Linalotusumbua ni jingine. Watu wawili wameua pamoja. Mmoja akakimbilia Mbala, mwenziwe akabaki nyumbani akawangoja polisi. Aliyekimbia atarudi na ahadi ya uhai wake. Aliyebaki hana ahadi yo yote. Kwa nini mtoro apewe zaidi ya aliyejisalimisha? Twaomba Serikali, siku itakapotia sahihi kwa ajili ya yule wa Mbala, imkumbuke na huyu aliye gerezani.